Pua Nyepesi, Mkia Mzito

Ko.

Kimya. Halafu tena: ko-ko. Chuma kiligonga chuma, mahali fulani nyuma ya kiti, chini, kama mtu anayebisha hodi na hana hakika kama wenyewe wapo.

Tamsin Trezona aliusikia mlio huo kabla hajafumbua macho. Alikuwa ameegemea dirisha la pikapu, kausingizi ka asubuhi kamemwibia barabara nzima tangu Port Augusta. Alipofumbua, aliona lami imenyooka mpaka inayeyuka kwa mbali. Upande huu mabua ya ngano iliyokwisha kuvunwa, upande ule vichaka vya rangi ya majivu. Upepo wa moto wa kaskazini ulikuwa unavilaza vichaka hivyo, kisha unaviachia. Na kwenye kioo cha pembeni, karavani nyeupe waliyokuwa wakiivuta ilikuwa inawafuata huku ikitikisa kiuno.

"Baba, nini kinagonga?"

"Nini kinagonga wapi?" Kel, baba yake, hakugeuza shingo.

Ko.

"Hapo."

"Barabara mbovu."

Barabara ilikuwa laini kama meza. Tamsin alimtazama mzee wake: kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, mikono miwili mikubwa juu ya usukani, taya limekaza. Alilijua taya lile. Likikaza hivyo, ni heri uongee na nguzo ya uzio.

Karavani ile ndiyo ingekuwa nyumba yake. Hospitali ya Ceduna ilikuwa imempa kazi ya uuguzi, lakini mji mzima haukuwa na chumba cha kupanga, hata stoo. Alichopata ni kipande cha kiwanja kwenye uwanja wa karavani, na mwenye uwanja alikuwa ametoa sharti moja: iwe imesajiliwa. Nayo haikuwa imesajiliwa. Walikuwa wameinunua kwa mjane mmoja wa Mildura, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, usajili wake ulishakufa na namba zake zilisharudishwa. Sasa ilikuwa inatembea kwa kibali cha muda kilichokuwa kinaisha leo, na kibali hicho kiliruhusu jambo moja tu: kuivuta, bila mzigo, hadi penye mkaguzi. Karibu na kwao Pinnaroo nafasi za ukaguzi zilijaa hadi mwezi ujao. Ceduna ilikuwa imebaki moja, leo Ijumaa, na geti lilifungwa saa kumi alasiri. Wakichelewa, au mkaguzi akiikataa, kiwanja kingekwenda kwa mwingine aliyekuwa anangoja kwenye foleni, na Jumatatu Tamsin angeripoti kazini akiwa hana pa kulaza kichwa. Muuguzi mkuu alishamwambia kwa upole, lakini alimwambia: asiye na makazi hawezi kumpangia zamu.

Bila mzigo. Maneno hayo Tamsin alikuwa amemsomea baba yake jikoni kwao, mara mbili.

"Mzigo ni ngano," Kel alikuwa amejibu. "Mzigo ni kondoo. Vitu vya mtu anayehamia si mzigo, ni vitu vyake."

"Na kibati cha karavani je? Uzito wa juu kabisa, kilo elfu mbili. Yenyewe ikiwa tupu ni elfu moja mia nne na themanini. Inabaki mia tano na ushee, Baba, basi. Na hapo maji hujajaza."

"Pikapu hii inavuta tani tatu na nusu."

"Pikapu, ndiyo. Karavani haijui pikapu inavuta nini. Ekseli ni yake, matairi ni yake, chasisi ni yake."

"Nilikuwa navuta matela ya mavuno wewe hujaota meno."

Basi. Mazungumzo yakaishia hapo, na asubuhi yake akakuta karavani imeshafungwa milango, na baba yake anafuta mikono kwenye suruali kwa uso wa mtu aliyemaliza kazi nzuri.

Redio ya barabarani, ile ya kuongea na madereva wengine, ilikoroma chini ya dashibodi.

"Wewe mwenye nyumba nyeupe, unanisikia?" Sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu aliyevuta sigara miaka mingi. "Niko nyuma yako na matela matatu. Huo mkia wako unacheza kama wa mbwa aliyeona mfupa."

Kel aliinyakua redio. "Ni upepo, mwenzangu."

"Upepo unanipiga na mimi. Mbona mimi sichezi?"

"Wewe mzito."

"Haya, asante kwa heshima. Mama yangu aliniambia hivyohivyo." Kicheko kikavu. "Mzee, sikutanii. Punguza mwendo, tafuta pa kusimama, uangalie umepangaje vitu."

"Umeshaona pikapu yangu ilivyokaa? Iko sawa kama maji kwenye bakuli. Nimepanga mwenyewe."

"Ndiyo maana nina wasiwasi. Iko sawa mno."

Kel alirudisha redio mahali pake na kuipunguza sauti. "Wenye malori," alisema, "wanafikiri barabara walizaliwa nayo."

"Baba, simama."

"Tukisimama kila anapoota mtu, tutafika Ceduna Krismasi."

"Nimesema simama! Nyumba ni yangu, naomba usimame."

"Na ukaguzi ni wako vilevile. Unataka kufika saa kumi au hutaki?"

Hapo Kel alimshika pabaya. Tamsin aliangalia saa, akaangalia kioo. Karavani ilikwenda kushoto kidogo, ikarudi. Ikaenda kulia kidogo, ikarudi. Ko-ko. Akakubali moyoni kwamba watavumilia mpaka Kimba, kilomita chache tu zimebaki, na kule atashuka aone mwenyewe. Alikubali kwa sababu alikuwa anaitaka ile nyumba.

Kisha kwenye mazigazi ya barabara mbele yao likatokea doa, doa likawa mdomo wa lori, nalo likaja kwa kasi yote, refu lisilokwisha, limebeba nyasi kavu hadi juu. Lilipopita, ukuta wa hewa uliisukuma karavani pembeni. Na lilipomaliza kupita, hewa ileile ikainyonya kuirudisha. Upepo wa kaskazini ukaongeza wa kwake.

Mkia ulikwenda kushoto, pikapu ikavutwa pua kulia. Mkia ukarudi, na safari hii haukusimama katikati. Ulikwenda mbali zaidi. Matairi yalilia. Kel alikanyaga breki kwa mguu wote, na hilo ndilo lililoitia karavani wazimu: ikawasukuma kwa nyuma, ikawatupa huku, ikawatupa kule, na dirishani Tamsin akaona ubavu mzima wa nyumba yake unakuja kumchungulia.

"Toa mguu! Baba, toa mguu kwenye breki!"

"Naishika! Naishika!"

"Toa!"

Chini ya usukani kulikuwa na kijiswichi cha breki za karavani peke yake, kile ambacho Kel alikifunga kwa sababu sheria inataka, kisha akakitundikia miwani. Tamsin alijirusha mbele mpaka mkanda ukamkata bega, akaing'oa miwani, akakisukuma kijiswichi hadi mwisho na kukishikilia hapo. Nyuma, magurudumu ya karavani yakakaza. Kitu kiliivuta pikapu kwa nyuma kama mkono umeshika kola ya shati. Mkia ukaenda kushoto, mara hii nusu ya ule mwendo. Ukaenda kulia, robo. Ukanyooka.

Walitambaa mpaka ukingoni mwa barabara wakasimama. Vumbi lao wenyewe likawapita na kuendelea mbele.

Injini iliunguruma. Mikono ya Kel ilikuwa bado juu ya usukani, na usukani wote ulikuwa unatetemeka, ingawa gari limesimama.

"Upepo," alisema.

Tamsin alifungua mlango akashuka. Lori la matela matatu lilikuwa limesimama nyuma, taa za hatari zinawaka, limeziba barabara ili asije mtu kuwagonga. Mwanamke mfupi, mpana, mwenye mvi zilizofungwa kwa mpira wa kufungia magazeti, aliteremka ngazi ya lori kwa kurudi nyumanyuma.

"Mzima?"

"Mzima."

"Na mzee?"

"Yuko na taya lake."

"Namjua. Nimeolewa na wa hivyo wawili, kwa zamu." Alimpa mkono. "Noelene. Haya, tuone hicho unachobeba."

Nyuma ya karavani Kel alikuwa amechomelea fremu ya chuma, kazi ya wiki mbili za jioni gereji, mirija minene, pembe zimelainishwa, imepakwa rangi nyeupe ifanane. Juu yake madumu manne yaliyojaa maji, na sanduku la vifaa. Tamsin aliijua fremu ile, alikuwa ameisifia. Asichokijua kilikuwa ndani ya buti ya nyuma. Aliifungua, na kisiki kikamdondokea karibu na kidole cha mguu.

Visiki vya mali. Si utajiri, mali ni ule mti wa kwao, unaokua juu kama kichaka na chini kama jiwe, ambao wakulima hung'oa mizizi yake shambani na kuiwasha majira ya baridi. Kisiki kimoja huwaka tangu chakula cha jioni hadi alfajiri. Buti nzima ilikuwa imeshindiliwa. Na chini ya kitanda, alipoingia ndani kuangalia, vingine. Na ndani ya kabati la nguo, vingine vimefungwa taulo.

Alitoka na kimoja mkononi. Kel alikuwa ameshuka, amesimama mbali, anaangalia mabua ya ngano.

"Baba. Karavani haina jiko la kuni."

"Utakoka nje."

"Uwanja wa karavani hauruhusu moto."

"Mtu hahami bila kuni," Kel alisema, na sauti ikampasuka katikati. Akakohoa kuificha. "Mama yako alipokuja kwangu, baba yake alituletea tela zima la kuni. Sasa wewe nikuache uende huko pwani, upepo wa baharini, bila hata kisiki? Watu wangesemaje?"

"Wangesema umemfikisha," Noelene alisema.

Kel alimgeukia. "Wewe nani?"

"Mimi ni yule mzito." Alipiga buti teke jepesi. "Mzee, nisikilize. Umejaza nyuma ili mbele isiikalie pikapu, pikapu ionekane imenyooka, wapita njia wakusifu. Kila mtu wa huku anafanya hivyo. Lakini tela lazima lilalie gari kwa pua, pale linapofungwa, karibu fungu moja la kumi la uzito wake. Karavani yako pua inaelea. Ndiyo inayogonga. Kimba pale kwenye maghala ya ngano kuna mizani. Nenda taratibu, nitakuwa nyuma yako. Na huyu binti ndiye aendeshe."

"Pikapu yangu naendesha mimi."

"Onyesha mikono," Tamsin alisema.

Kel hakuionyesha. Aliitia mifukoni, akazunguka upande wa abiria, akapanda.

Walifika Kimba kwa mwendo wa baiskeli. Bwana wa mizani, kijana mwenye pai ya nyama mkononi, aliwaambia watenganishe karavani na pikapu, waisimamishe peke yake juu ya jukwaa. Namba nyekundu zilicheza, zikatulia: kilo 2,460.

"Lo," kijana alisema, akatafuna. "Kibati kinasemaje?"

"Elfu mbili," Tamsin alijibu.

Wakaifunga tena kwenye pikapu, magurudumu ya karavani tu yakabaki kwenye jukwaa: 2,370. Maana yake, katika uzito wote ule, pua ilikuwa inailalia pikapu kwa kilo tisini tu, mahali ambapo ilitakiwa ziwe kama mia mbili na zaidi. Kel alisoma zile namba. Alitoa karatasi mfukoni, akapiga hesabu, akaipiga tena, kama mkulima anayekataa kuamini ghala lake. Kisha akaikunja.

"Shusha," alisema.

Wakashusha. Visiki vyote, madumu yote, maji ya tangi yakafunguliwa yakakimbia kwenye vumbi la Kimba. Noelene alikuwa anatupa visiki viwiliviwili, anapiga soga. "Usikunje uso, mzee. Baridi ikibana, watu wa hapa watakutaja kwa jina." Sanduku la vifaa na vitu vyote vya Tamsin vikahamia kwenye pikapu. Walipopima tena, ilisoma 1,530: karavani tupu na fremu yake tu. Tamsin alipumua kwa mara ya kwanza tangu barabarani. Muda ulikuwa bado unatosha, kwa kubana.

"Twende," alisema.

Kel hakuenda. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya karavani, anatazama mahali fremu yake ilipoungana na chasisi.

"Yale maelezo ya ukaguzi," alisema. "Yale uliyonisomea, nikajifanya sisikii. Yanasemaje kuhusu kitu kilichochomelewa?"

Tamsin alitazama rangi nyeupe ya kiungo. Alitamani asiulizwe. Alikuwa amepanga moyoni kwamba huenda mkaguzi hatainama.

"Tam."

"Kitu chochote kilichochomelewa kwenye chasisi bila cheti cha mhandisi," alisema taratibu, "karavani wanaikataa."

"Cheti kinachukua muda gani?"

"Wiki kadhaa."

Kel alipitisha kidole gumba kwenye kiungo cha chuma. Kilikuwa kiungo kizuri, mstari umelala sawa, kama mshono wa fundi. Kijana wa mizani aliacha kutafuna.

"Labda hataona," Tamsin alisema. "Imepakwa rangi. Twende tu, Baba, tujaribu."

"Na akiona?"

"Akiona..."

"Akiona, nyumba huna." Kel alisimama, goti likalia. Akamgeukia Noelene, na kwa mara ya kwanza siku ile akamwangalia usoni. "Dada, una grainda ya kukatia chuma kwenye lori lako?"

"Ninayo."

"Niazime."

"Nikukatie? Wewe mikono yako..."

"Mikono iko sawa kwa kukata." Aliitoa mifukoni, akaitazama yote miwili mbele ya watu, ikitetemeka kidogo bado. "Kuchomelea ndiko kungekuwa shida."

Cheche ziliruka hadi kwenye kofia yake. Kilio cha chuma kilisikika mpaka mtaa wa pili, na mbwa mmoja wa Kimba akaanza kujibu. Kel alikata kiungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Tamsin alishikilia fremu isianguke, na nyuma ya miwani ya kinga aliyovaa baba yake aliona machozi yanamtoka, au jasho, hakuuliza. Kiungo cha mwisho kilipoachia, uzito wote ukamwangukia Tamsin mikononi, akayumba. Kel alizima grainda, akaishika ncha ya pili, wakaibeba pamoja mpaka ukutani mwa ghala wakaiegemeza pale. Akarudi kusawazisha makovu na kuyapaka rangi kidogo yasishike kutu, haraka, lakini vizuri, kufanya vibaya hakujua.

Saa ilikuwa imekula kila kitu. Tamsin aliendesha. Kel alikaa kando na mkono karibu na kijiswichi cha breki, hakusema lolote juu ya namna anavyoshika usukani, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Pikapu ilikuwa imelaliwa nyuma kidogo. Kwa macho, haikupendeza. Lakini malori yalikuja, yakawasukuma na kupita, na karavani ikapepesuka mara moja tu na kutulia. Hakuna kilichogonga. Redio ilisema, "Sasa hiyo ndiyo nyumba," kisha Noelene akapinda kuelekea kusini, na honi yake ikawasindikiza.

Waliingia Ceduna geti likiwa limeshavutwa nusu. Mkaguzi, mtu mwembamba mwenye funguo mkononi, alitazama saa, akatazama kibali.

"Mnajua kinaisha leo?"

"Tunajua," Tamsin alisema. "Tafadhali."

Alivuta pumzi, akachukua tochi. Alisoma kibati, akalinganisha namba ya chasisi herufi kwa herufi. Akajaribu taa, breki, minyororo ya usalama. Akasukuma mizani yake ndogo chini ya kila gurudumu. Kisha akaenda nyuma, akainama, na tochi ikasimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Tamsin alijisikia anazeeka.

"Hapa palikuwa na kitu."

"Palikuwa," Kel alisema. "Nilikiweka mimi. Nimekiondoa mimi."

"Lini?"

"Leo."

Mkaguzi aligusa rangi kwa kidole, ikamchafua nyeupe. Akamtazama yule mzee: suruali imetobolewa na cheche, nyusi zimeungua ncha. Akatumbukiza tochi tena, akafuata chasisi inchi kwa inchi, akagonga kwa kirungu kidogo, akasikiliza.

"Haijaumia," alisema mwishowe, akainuka. "Imepita. Ingieni ofisini mchukue namba."

Tamsin alikaa juu ya ngazi ya karavani, mahali palepale. Akampigia simu muuguzi mkuu, akamtajia anwani. Mwenzake huko alicheka, akasema zamu ya Jumatatu ni yake.

Walipoifikisha kiwanjani na kuifunga namba, jua lilikuwa linaelekea kuzama. Kel aliizunguka karavani mara moja, akapiga ubavu wake kwa kiganja kama anavyopiga ng'ombe, kisha akatoa funguo za pikapu.

"Haya. Mimi nirudi zangu. Kondoo hawajui Jumamosi."

"Unarudi wapi, saa hizi? Kangaruu ndiyo kwanza wanaamka, wanaruka barabarani."

"Nimeendesha na kangaruu miaka..."

"Baba." Tamsin alisimama mbele ya mlango wa pikapu. "Leo asubuhi ulikuwa unaogopa, na ukaniambia ni upepo. Ungeniambia unaogopa, tungesimama mapema. Nami nilikuwa naogopa nikanyamaza, kwa sababu ya nyumba hii. Sote tungekufa kwa adabu. Ndani kuna kitanda, meza ile inakunjika. Lala. Kesho utakwenda."

Kel alizungusha funguo kidoleni. Alitazama barabara, akatazama mlango wa karavani uliokuwa wazi, taa ndogo imewaka ndani. Taya likakaza. Halafu, polepole, likaachia.

"Kesho, basi," alisema, na akamkabidhi funguo. "Na njiani nikiogopa, nitasimama, nitakupigia simu, nitakuambia kwa mdomo wangu kwamba naogopa. Nakuahidi, mwanangu."